Anayesimamisha nyatiti hujitaja: barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi

Kwako Inspekta Jenerali wa Huduma ya Taifa ya Polisi,
na kwenu makamanda wa polisi wa kaunti za Nyanza na Magharibi,
na kwenu Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA).

KUH: JINA LA ASKARI KIFUANI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Kisumu. Mimi ni fundi wa redio na spika, kazi niliyofunzwa na mjomba wangu, na kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa shabiki wa wanamuziki wanaojitegemea. Nasema wale wasio na kampuni nyuma yao, wanaorekodi chumbani kwa maikrofoni moja, wanaouza nyimbo zao kwa simu na kupiga katika nyua za watu kwa kiingilio cha shilingi 200. Muziki huo ndio unaonitoa nyumbani Jumamosi.

Nawaandikia juu ya askari wawili. Jina la hata mmoja wao silijui. Ningelijua, mmoja ningemshtaki, mwingine ningempelekea samaki wa Dunga mpaka mlangoni kwake, na barua hii isingeandikwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu ya usiku bado haijagonga. Mtaa sitautaja, wala kituo walikotoka sitakitaja, maana sikukusudia kuchongea kituo kimoja. Tulikuwa watu kama 60 katika ua wa nyumba, viti vya kukodi, taa mbili, na kikaango cha mama mmoja pembeni. Jukwaani walikuwa wanne: binti wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, mpiga orutu, ala ya kusugua kwa upinde, kijana wa besi na wa ngoma. Amplifaya ilikuwa yangu. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kidogo, njuga za gara mguuni, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao wa nyatiti, na besi ikijibu kwa chini polepole. Zamani nyatiti ilikuwa ala ya wanaume. Kumwona binti wa miaka ishirini na kitu akizishika zile nyuzi nane bila kuomba radhi kwa mtu, huku mzee mmoja wa safu ya mbele akitikisa kichwa kwa kukubali, ni jambo ambalo sitalisahau hata nikizeeka.

Ndipo lori la polisi likasimama langoni.

Walisema kelele. Sawa. Kama ni kelele, dawa yake ni kugeuza kitufe, na mimi ndiye niliyekuwa nimekishika. Hakuna aliyeniambia nipunguze. Askari wa kwanza alipanda jukwaani uso umefunikwa kitambaa hadi chini ya macho, juu ya sare amevaa koti zito lililoficha kila kilichoandikwa kifuani. Aling'oa waya, akaipiga nyatiti teke ikaviringika, kisha akamshushia kijana wa besi rungu kwenye kifundo cha mkono. Binti alilia, "Afande, tafadhali, hiyo ni ya marehemu babu!" Hakugeuka.

Askari wa pili alishuka kwenye lori lile lile. Amri aliyopewa ni ile ile, kwa kuwa sote tuliisikia ikitolewa langoni: tawanya hao. Huyu aliinama, akaiokota nyatiti kwa mikono miwili kama mtu anayeokota mtoto aliyeanguka, akampa binti. "Dada, pitia huku nyuma, mlango uko wazi. Usikimbie, utaanguka." Kisha akasimama kwenye ule mlango, mgongo wake kwetu, mpaka akina mama wote wakapita. Naye pia alikuwa na koti juu ya jina.

Asubuhi tulimpeleka kijana hospitali, halafu kituoni kuandikisha. Afisa wa dawati alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Aliuliza, "Nani alikupiga?" Kijana akasema ni askari. "Askari gani? Namba yake?" Hatukuwa nayo. Basi kwenye kitabu cha matukio yakaandikwa maneno ambayo mpaka leo yananikaa kooni: alipigwa na watu wasiojulikana. Watu waliokuja kwa lori la serikali, kwa sare ya serikali, kwa mafuta tunayolipia kodi, ndio wasiojulikana.

Waheshimiwa, wengi wenu mmefanya kazi huku kwetu au mmezaliwa huku, mnajua pakruok. Muziki ukiwa umekolea, mtu husimama, akainua mkono, akausimamisha. Mpiga ala hunyamaza. Yule aliyesimamisha hutoa pesa, kisha hujitaja: yeye ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, rafiki zake ni akina nani, anajivunia nini. Wengine hujisifu hadi watu wakacheka. Akimaliza, ala zinarudi. Nimehudhuria shughuli za ohangla, za nyatiti na za benga tangu nikiwa mvulana wa kubeba nyaya, na sijawahi kuona mtu akisimamisha muziki halafu akaficha uso. Haiwezekani. Wangemwuliza, wewe ni nani unayetukatiza? Kusimamisha muziki wa watu kunakubalika, lakini ni kitendo cha mtu, na mtu ana jina. Usiku ule ndio mara ya kwanza nyatiti kusimamishwa mbele yangu na mtu asiyejitaja.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa kazini, kwa sababu santuri kuukuu zinapita mikononi mwangu. Watu huniletea mashine za marehemu wazee wao nizifufue, na nikishazifufua lazima nizijaribu. Kwa hiyo nimesikiliza benga nyingi ya miaka ya 1970, muziki wetu wa gitaa, iliyorekodiwa huko Kericho katika studio ya Chandarana na kwingineko. Sehemu kubwa ya ile haikuwa kazi ya makampuni makubwa ya Ulaya. Ilikuwa biashara ya maduka ya santuri ya mjini, na ilifika mbali: santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilipendwa kule Zimbabwe hadi mtindo wenyewe wakauita kanindo. Kwangu mimi huo ndio ukoo wa muziki huru wa leo, na wanaodhani kujitegemea kuliletwa na kompyuta hawajafungua makabati ya babu zao.

Lakini muziki ule ulikuwa na dosari moja. Kwenye santuri nyingi nilizoshika, karatasi ya katikati ina jina la bendi, jina la kiongozi, na basi. Yule wa gitaa la kwanza, aliyezigeuza nyuzi za chuma zikaongea Kijaluo kama nyatiti, hayupo. Wa besi hayupo. Jina la bendi limemeza watu. Kuna wazee waliozikwa katika vijiji vya Siaya na Homa Bay ambao vidole vyao vinasikika mpaka leo, na wajukuu wao hawawezi kuonyesha mtu yeyote popote palipoandikwa kwamba yule alikuwa babu yetu.

Hawa vijana wa leo wamelirekebisha hilo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwapenda kwangu. Hata wimbo uliorekodiwa jikoni, ukiufungua utakuta wamemtaja aliyepiga, aliyeitikia, aliyeshika maikrofoni, hata aliyetoa chumba. Mara moja nimejiona na mimi: fundi wa spika. Nilimwonyesha mama watoto. Na tangu siku ile nikienda kwa shughuli zao nakagua kila waya mara mbili, kwa kuwa spika ikikoroma watajua ni nani.

Niseme na maoni yangu mengine hapa, mnisamehe, shabiki hawezi kujizuia. Siipendi ile programu ya kunyoosha sauti inayopakwa siku hizi kwenye kila kitu. Wanaiweka hata kwenye orutu, ala ya uzi mmoja ambayo uzuri wake wote uko katika kule kulialia kwake kati ya noti na noti. Ikishanyooshwa, huwezi tena kumtambua mpigaji. Wote wanakuwa mtu mmoja. Heri rekodi ya maikrofoni moja, kuku akisikika nyuma, lakini unasikia nani kachelewa na nani kashikilia. Maana katika bendi isiyopiga kwa mashine ya kuhesabu mapigo kuna jambo hutokea mara kwa mara: wa ngoma anapagawa, anaanza kukimbia. Wengine hufuata, kwa sababu ni rahisi kufuata. Wimbo huokolewa na mmoja, mara nyingi wa besi, anayekataa kukimbia. Hapigi kelele, hatoki jukwaani. Anashikilia mwendo wake tu, na baada ya muda wenzake wanarudi kwake. Yule askari wa mlango wa nyuma alikuwa akishikilia mwendo.

Najua mtaniambia polisi si bendi, polisi ni kikosi, na kikosi hutii. Lakini sheria yenu wenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kwenye Jedwali la Sita, inasema kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jedwali hilo hilo linamtaka askari aliyevaa sare abandike jina lake au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi, wakati wote. Yameandikwa pamoja, na kwa mtazamo wangu hayatenganishiki. Huwezi kumwambia mtu "utajibu wewe mwenyewe" kisha ukamruhusu asijulikane. Katiba nayo, kwenye kifungu cha 244, inadai huduma yenye weledi na nidhamu, inayoheshimu haki za binadamu. Kikosi hakiwezi kumheshimu mtu. Anayeheshimu, au kudharau, ni yule aliyesimama mbele yako.

Na sisi wa Kisumu hatulizungumzi jambo hili kwa nadharia. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kamera ya televisheni ilinasa askari akiwapiga risasi vijana pale Kondele mchana kweupe. Wawili walikufa. Nchi nzima iliona. Askari mmoja akafikishwa mahakamani, na mwaka 2010 akaachiliwa, kwa sababu namba ya bunduki iliyochunguzwa na wataalamu haikulingana na namba ya bunduki aliyodaiwa kubeba. Sisemi alihukumiwa vibaya. Jaji anahukumu kwa ushahidi uliowekwa mezani. Nasema mstari mmoja katika rejesta ya silaha, nani kabeba ipi siku gani, ndio uliobeba kesi nzima, na ulipoyumba, wale vijana wakabaki wameuawa na risasi isiyo na mwenyewe.

Agosti 2017, msako wa usiku baada ya uchaguzi, Nyalenda. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alijeruhiwa kichwani ndani ya nyumba yao na akafariki siku chache baadaye. Februari 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo chake aliona makamanda watano wanapaswa kuwajibika, na Oktoba 2022 ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ikatangaza mashtaka dhidi ya maafisa 12 chini ya Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008. Kati ya jeraha na tangazo ilipita miaka mitano. Mtoto yule angekuwa ameshaanza shule.

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mengine kabisa. Mimi ninachofikiria kila mara ni ile safari. Njia ni ndefu kutoka Homa Bay. Alikabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulikuwa na mwenyewe, mwenye macho na masikio, mwenye nafasi ya kuuliza kijana huyu anapelekwa wapi na kwa nini.

Sisemi haya kwa chuki. Askari ni wateja wangu. Huniletea redio, sabufa, simu zenye spika zilizokufa, na tukikaa husema. Nimeambiwa kuhusu nyumba moja wanayogawana familia mbili kwa pazia, kuhusu zamu zisizoisha, kuhusu mwenzao aliyejipiga risasi na kesho yake wakarudishwa kazini kama kawaida. Konstebo mmoja kijana, anayependa muziki huu huu wetu, aliniambia maneno haya: "Fundi, ukikataa amri leo, kesho unafunga godoro." Maana yake ni uhamisho. Nilipomwuliza kama amri huandikwa, alicheka. Amri huja kwa redio ya upepo, na upepo hauna sahihi. Likiharibika, anayeshikwa ni konstebo, na sauti iliyosema kwenye redio inabaki sauti.

Kwa hiyo ninapodai jina, sidai la konstebo peke yake. Nadai na la mkubwa. Kabla lori halijatoka kituoni, paandikwe mahali: nani ametuma, wametumwa kufanya nini, saa ngapi, na nani wamo ndani. Kitabu cha matukio kipo, kalamu ipo. Bunduki zikitoka, namba ya kila moja iandikwe kando ya jina la mtu, na jina hilo lisomeke miaka miwili baadaye mbele ya jaji. Namba ya askari iwe kubwa, kifuani na mgongoni, juu ya koti na wala si chini yake, na kwenye kofia ya chuma pia, isomwe na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kitambaa cha uso kiondoke. Kama kuna kazi zinazohitaji uso kufichwa, kutawanya watu waliokuja kusikiliza orutu si mojawapo.

Na kwenu IPOA, nina ombi ambalo sijui kama limewahi kuletwa mezani kwenu. Dirisha la malalamiko lipo, nalijua. Fungueni na la shukrani. Mwananchi aweze kusema: siku fulani, mahali fulani, afisa namba fulani alikataa kumpiga mtu aliyekwisha kuketi chini. Maelezo hayo yaingie kwenye faili lake, na kama baada ya mwezi atafungishwa godoro, pawe na mtu wa kuuliza kwa nini. Tumezoea kudhani kwamba kujulikana ni adhabu tu. Kwa yule askari wa mlango wa nyuma, kutojulikana ndiko kulikomwadhibu. Alitenda jambo lililohitaji moyo, mbele ya wenzake, na leo kwenye kitabu cha kituo chake yumo pamoja na mwenzake mwenye rungu ndani ya neno moja: wasiojulikana.

Najua pia hofu yenu, kwamba jina likionekana, familia ya askari itaandamwa mitandaoni. Hofu hiyo ni ya kweli, na namba ya utumishi inaijibu. Namba haionyeshi mtu anakoishi. Inamwezesha aliyeumizwa kwenda dawatini na kujibu swali analoulizwa.

Kijana wa besi amerudi kupiga, ingawa kifundo humsumbua baridi ikizidi, na sasa anatumia vidole viwili pale alipokuwa akitumia vitatu. Nyatiti ilipasuka ubavuni. Niliiunga kwa gundi na kipande cha ngozi, lakini sauti yake imebadilika. Nyuzi za chini zina mvumo kidogo. Binti anasema babu angeipenda hivyo hivyo. Mwezi ujao wanapiga tena, ua mwingine, kiingilio ni kile kile. Safari hii barua imepelekwa kwa chifu na kituoni mapema, na sauti nitaishika mimi.

Ombi la mwisho ni dogo. Mwambieni kila kamanda awaulize watu wake ni nani aliyeiokota nyatiti Jumamosi ile. Akijitokeza, mwambieni tumemwekea kiti safu ya mbele, karibu na yule mzee. Yeye halipi kiingilio. Na muziki ukikolea, akitaka, ainue mkono ausimamishe, ajitaje.

Wenu,
Fundi wa spika, Kisumu